Sifuri Haizungushwi

Vijana wa rika langu pale Kitale hupenda kusema, "Mimi nimejitengeneza." Halafu simu inaita kutoka Saboti, mama anaomba pesa ya mbolea, na mtu anaguna: kwani nilipewa nini zaidi ya nauli?

Hebu tuiulize galaksi. Hii yetu, ule mkanda mweupe unaoonekana usiku stima zikipotea, ina sumaku. Ni dhaifu mara makumi ya maelfu kuliko ile ya dunia inayogeuza dira, lakini imeenea maelfu ya miaka ya mwanga na hata gesi inayozaa nyota huisikia.

Ilitoka wapi? Mwaka 1950 Mjerumani Ludwig Biermann alieleza njia moja: gesi yenye chaji ikiwa na joto na msongamano visivyoendana, elektroni husukumwa kuliko protoni, mkondo wa umeme unatembea, na sumaku inazaliwa pale ambapo haikuwepo. Hiyo ni mbegu tu, ndogo ajabu. Kazi hufanywa na mzunguko. Gesi ya ndani humaliza raundi mapema kuliko ya pembeni, basi sumaku inavutwa kama uzi. Nyota zinazolipuka zinaikoroga na kuikunja, inavutwa tena, inaongezeka. Jua letu huchukua kama miaka milioni 230 kumaliza raundi moja, kwa hivyo hii si kazi ya haraka. Ukuaji husimama sumaku inapopata nguvu ya kuipinga gesi yenyewe.

Sasa hapa ndipo pananisumbua. Mwishoni huwezi kujua mbegu ilikuwa kubwa au ndogo, kwa sababu kiwango cha mwisho huamuliwa na mzunguko. Aliyejitengeneza atasema, si nilisema? Lakini sifuri ukiizungusha miaka bilioni kumi inabaki sifuri. Na ile gesi ya kuizungusha hakuileta yeye.

Kwa hivyo deni la mwanzo lipo, ila halina asilimia. Mzazi anayedai vyote amekosea, na mtoto anayesema hadaiwi pia amekosea.

Karo yangu ya kwanza ilikuwa magunia ya mahindi. Chuo niliacha, cheti sina, lakini kusoma na kuuliza hakukuisha. Nikipata malipo ya makala, natuma ya mbolea. Silipi riba. Mvua ikianza Saboti, mtu lazima awe na kitu cha kupanda.