Kutu, Bati Jipya na Jina la Zamani

Kutu ni mdai asiyesahau deni lake. Chuma kilitolewa katika mawe ya ardhi kwa moto mkali, na tangu siku hiyo hewa na maji hukidai kirudi katika hali yake ya kwanza. Mahali pakavu deni hili hulipwa polepole. Mahali penye chumvi hulipwa upesi. Nchini Uingereza, ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, magari mengi yamekwisha kuliwa miili kabla injini zake hazijachoka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwa hiyo hufumua maungio na kuinua rangi kama malengelenge. Na jicho linapoona lengelenge moja nje, aghalabu bati la ndani limekwisha toboka.

Kati ya magari yaliyopatwa na msiba huo ni MGB la wazi, lililoundwa Abingdon tangu mwaka 1962 hata 1980. Gari hili halina fremu iliyo mbali na mwili wake. Mwili wenyewe ndio mifupa. Fauka ya hayo, maadam halina paa la chuma la kulishika juu, nguvu zake nyingi zimewekwa chini ya milango, katika mihimili ya mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa tabaka kwa tabaka. Mihimili hiyo ikioza, gari hulegea katikati. Fundi mwangalifu, kabla hajaikata, hufunga vyuma vya kukaza katika nafasi za milango, kwani asipofanya hivyo mwili utapinda, na milango haitafunga sawasawa tena. Kisha hukata kilichooza mpaka afike penye chuma kizima, hulehemu bati jipya, akaenda mbele. Leo sakafu, kesho ubavu, kesho kutwa madigadi.

Hapo ndipo swali huzuka. Mabati yote yakiisha badilishwa, je, gari ni lile lile au ni jingine lililorithi jina? Swali hili lilipata ukali zaidi mwaka 1988, wakati kampuni ya British Motor Heritage ilipoanza kuunda miili mipya ya MGB kwa zana zilizotumika zamani. Tangu hapo mwenye gari bovu aliweza kununua mwili mzima, akahamishia humo injini, magurudumu na viti, akaitupa mifupa ya kale jaani.

Swali lenyewe ni kongwe. Plutarch alisimulia habari za merikebu ya Theseus, ambayo watu wa Athens waliitunza kwa kutoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakagawanyika: hawa wakasema ni ile ile, hawa wakakana. Katika mwaka 1655, Thomas Hobbes aliuongeza ugumu. Alitaka watu wafikiri kwamba mtu mmoja ameziokota mbao zote za kale, akaziunga kwa utaratibu wake wa kwanza. Zikiwapo merikebu mbili, ipi ni ya Theseus? Jambo hili si mchezo wa maneno. Mwaka 1990 lilifika mbele ya jaji mjini London. Gari la Bentley liitwalo Old Number One, lililoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1929 na 1930, lilipatanwa bei ya pauni milioni 10. Mnunuzi akakataa, kwa hoja kwamba sehemu nyingi za gari lile la mashindano hazimo tena. Jaji aliamua kwamba gari hilo ndilo lenye haki ya jina lake, kwa kuwa historia yake haikukatika, wala hapakuwa na gari jingine lo lote lililoweza kulidai jina hilo.

Uamuzi huo wastahili kupimwa. Kama utambulisho wa kitu ungekuwa katika chuma chake tu, basi rundo la kutu lililofagiwa chini ya gari lingekuwa na sehemu ya jina. Kama ungekuwa katika umbo tu, magari mawili yaliyotoka kiwandani siku moja yangekuwa gari moja. Yabaki historia: kila kipande kipya kiliungwa na vya zamani wakati gari lilipokuwa lingali gari, kama vile kizazi hupokezana na kizazi kabla cha kwanza hakijaisha. Kwa kipimo hiki, gari lililotiwa viraka katika miaka 30 lina dai kubwa kuliko lile lililohamishiwa mwili mpya kwa siku moja, ijapokuwa mwishowe idadi ya mabati mapya ni sawa katika yote mawili.

Walakini historia ina udhaifu wake. Chuma huonekana na hushikwa, lakini historia husimuliwa, na msimulizi aweza kusema uwongo. Yupo atoaye kibao cha namba katika gari lililokufa akakipigilia katika jingine, akauza la pili kwa sifa za la kwanza. Huyo hakurithisha historia. Ameiba jina la maiti. Basi swali lililoanza katika bati huishia katika ulimi. Gari lenye mwili mpya si aibu, maadam mwenyewe hulitaja hivyo. Neno hilo la kweli huenda likapunguza bei, lakini halimpunguzii mtu heshima. Kama isemwavyo, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ajabu kubwa ni hii. Yuko fundi ambaye, badala ya kukata mhimili uliooza, huujaza puti, huusugua ukawa laini, akaupaka rangi nzuri. Kwa hesabu ya chuma, fundi huyu amehifadhi cha zamani zaidi kuliko mwenzake aliyekata na kulehemu. Kwa hesabu ya haki, yeye ndiye aliyekiharibu. Mhimili ule uliwekwa ubebe uhai wa watu. Puti haibebi kitu ila rangi. Gari litakapogongwa, hakuna atakayeokolewa na sifa kwamba kutu yake ni ya tangu mwaka 1965. Hivyo uaminifu kwa mambo ya kale hauwi kushikilia kila kilichosalia. Kilichooza kikiachwa kwa jina la heshima, heshima yenyewe huoza nacho.

Kosa la upande wa pili lipo vile vile. Wapo wakatao hata bati zima, kwa kuwa jipya hung'aa. Hawa hufuta alama za mikono ya wafanya kazi ambao wengi wao hawapo tena, na ushahidi ukiisha futwa hauletwi kwa fedha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hakuna busara katika kuubomoa ukuta mzima kwa ajili ya ufa.

Sheria tatu zaonekana kutosha: kilichokufa kitolewe, kilicho hai kiachwe, na kilichofanywa kisemwe. Ya kwanza yataka ushujaa, ya pili yataka subira, na ya tatu ni ngumu kupita zote, kwa sababu hulipiwa kwa fedha mbele ya mnunuzi. Mila, dini na vyama vya watu navyo hushikwa na kutu, na wenye kuvitunza hukabiliwa na kazi ile ile ya kuchagua. Lakini mtunza mila aweza kubishana maisha yake yote asionekane kuwa amekosa. Fundi wa bati hana bahati hiyo. Akiisha fungua vyuma vya kukaza, hushika mlango na kuusukuma, nao hufunga au haufungi.