Aliye Juu Mngoje Chini: Methali, Katiba na Rais Aliyeshuka

"Aliye juu mngoje chini" huambiwa mtu aliyeonewa na asiye na uwezo wa kumfikia aliyemwonea. Aliye juu ni mwenye cheo, mali au nguvu. Chini ni pale ambapo kila binadamu hurudi, apende asipende. Methali haimwambii mnyonge asamehe, wala haimwambii apigane. Humwambia avute subira, kwa sababu hakuna aliyekaa kileleni milele. Ndugu yake wa karibu ni "mpanda ngazi hushuka", lakini hiyo inataja tu jambo litakalotokea. Methali hii inamweka mtu wa pili chini ya ngazi, na hapo ndipo swali la maadili linapoanza: anayengoja anangoja ili afanye nini?

Maana iliyo ya kale zaidi humwachia Mungu. Huko Biharwe nchini Uganda, kando ya barabara ya Kampala inapokaribia Mbarara mjini, pana mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Mapokeo yanasema Mukama (mfalme) Olimi wa Bunyoro alikuwa ameushinda ufalme wa Nkore na kuteka mifugo yake. Jua likafunikwa mchana kweupe, jeshi likaingiwa na hofu, likatimua mbio na kuwaacha ng'ombe nyuma. Mtawala wa Nkore, Ntare Nyabugaro, hakumshinda Olimi kwa mkuki wala kwa hoja. Alikuwepo tu pale mshindi alipoanguka. Wengi huisikia methali hivyo hadi leo: ngoja, mbingu zitakulipia.

Kwa mtu aliyedhulumiwa na jirani tajiri, faraja hiyo huenda ikatosha. Kwa taifa haitoshi hata kidogo. Ng'ombe wa Nkore walirudi zizini, lakini waliouawa na dola hawarudi, na watoto wao wanahitaji kujua nani alifanya nini, kwa amri ya nani. Ndiyo maana swali la kama rais aliyestaafu awe na kinga ya kutoshtakiwa kwa jinai linaigusa methali hii moja kwa moja. Kinga ya maisha humwambia mnyonge kwamba huko chini anakongojea hapatakuwa na kitu.

Katiba ya Uganda ya 1995 imeikaribia methali kuliko inavyodhaniwa. Ibara ya 98 inasema kwamba rais akiwa madarakani hawezi kufikishwa mbele ya mahakama yoyote. Kisha inaongeza kwamba akishatoka anaweza kufunguliwa mashtaka ya madai au ya jinai kwa aliyoyatenda kwa nafsi yake, yawe ya kabla ya urais au ya wakati wa urais. Na kipindi alichokuwa madarakani hakihesabiwi katika ukomo wa muda wa kushtaki. Hicho kifungu cha mwisho ndicho chenye uzito, ingawa ndicho kinachorukwa haraka zaidi. Sheria nyingi humnyima haki aliyechelewa kudai. Hapa sheria inasimamisha hesabu ya siku kwa ajili ya mnyonge, kwa kuwa inajua hakuchelewa kwa uzembe. Alichelewa kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Kungoja kwake kumepewa ulinzi wa katiba.

Mantiki yake ni kwamba kinga ni ya kiti. Anayekikalia huazimwa ili kazi ya nchi isikwamishwe kila wiki na kesi mpya, na akiinuka hukiacha pamoja na kinga yake. Watanzania wana msemo unaofanana na huo, kwamba cheo ni dhamana. Hata hivyo Katiba ya Tanzania yenyewe imechukua njia nyingine: ibara ya 46 inazuia aliyekuwa rais kushtakiwa kwa jambo lolote alilolifanya kama rais, isipokuwa kama Bunge lilimwondoa madarakani. Kenya, katika Katiba ya 2010, iliweka mpaka wa aina yake, kwamba kinga ya rais haifiki kwenye makosa ya jinai yaliyo chini ya mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeuridhia na unaokataza kinga ya namna hiyo.

Ugumu umejificha katika yale maneno "kwa nafsi yake". Rais anayeiba fedha za hazina na kujijengea nyumba amefanya jambo lake binafsi. Hilo halina mjadala. Je, anayeagiza raia wauawe? Mtetezi wake atasema alikuwa akilinda nchi, kwa hiyo tendo ni la serikali. Hoja hiyo ikikubaliwa, rais atajibu kwa wizi wa gari na hatajibu kwa mauaji ya kijiji kizima. Kadiri kosa linavyokuwa kubwa ndivyo linavyopata hifadhi. Hakuna akili ya haki inayoweza kukubali mizani ya namna hiyo. Katiba haikumpa rais mamlaka ya kuua watu wasio na hatia, na asichopewa na kiti hawezi kukirudisha kwenye kiti. Maamuzi ya kisera yaliyokosewa, kama kodi mbaya au bwawa lililopoteza pesa bila wizi, ni jambo lingine. Hayo hakimu wake ni mpiga kura.

Tangu ibara ya 98 ianze kutumika, hakuna rais wa Uganda aliyetoka madarakani. Yoweri Museveni alikuwa tayari akitawala tangu 1986, na tangu uhuru wa 1962 nchi haijashuhudia rais akimkabidhi mwenzake madaraka kwa njia ya kura. Badala yake ulitawala ule mwitikio ambao vijana huitupia methali hii: aliye juu mfuate huko huko. Rais Obote aliangushwa 1971 na tena 1985, Amin 1979, Tito Okello 1986, wote kwa bunduki.

Mji wa Mbarara uliilipia gharama njia hiyo. Julai 1971 Wamarekani wawili, mwandishi Nicholas Stroh na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere Robert Siedle, waliuawa baada ya kwenda kuchunguza habari za mauaji ya askari katika kambi ya Simba mjini humo. Jaji David Jeffreys Jones alichunguza kifo chao na kuwataja maofisa wa kambi hiyo. Tarehe 17 Septemba 1972 wapinzani wa Amin waliokuwa uhamishoni walivuka kutoka Tanzania na kuishambulia Mbarara. Walishindwa, na waliobaki mjini ndio walioadhibiwa. Miongoni mwa waliouawa mwaka huo ni Nekemia Bananuka, kiongozi wa chama cha UPC katika Ankole. Ali Fadhul, aliyekuwa mkuu wa kambi, alikuja kushtakiwa kwa mauaji ya Bananuka Amin alipokwisha kuanguka, akahukumiwa kifo, akakaa gerezani miaka mingi hadi aliposamehewa na rais mwaka 2009. Idi Amin mwenyewe hakusimama kizimbani hata siku moja. Alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akafia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Ofisa alingojwa chini, akapatikana. Rais alishukia nchi nyingine.

Yapo pia madhila ambayo hayakumfikisha mkubwa yeyote mahakamani. Oktoba 1982, katika utawala wa pili wa Obote, maelfu ya Wanyarwanda walifukuzwa makwao katika wilaya ya Mbarara, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakaporwa. Wengine walivuka kuingia Rwanda, wengine wakasukumwa kwenye makazi ya zamani ya wakimbizi, Nakivale ikiwa mojawapo. Obote alifia Johannesburg Oktoba 2005 na serikali ikamzika kwa heshima za kitaifa. Tume ya Jaji Arthur Oder, iliyoundwa 1986 kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu tangu uhuru, ilisikiliza mashahidi wengi na kutoa ripoti 1994. Ripoti ni kitu cha thamani, lakini haina uwezo wa hukumu.

Watetezi wa kinga wana hoja moja nzito, na ni haki isikilizwe. Wanasema aliye juu akiwaona watu wamekusanyika chini wakimngoja, hatashuka. Ataibadili katiba, ataiba kura, ataligeuza jeshi kuwa mlinzi wake. Kwa hiyo mpeni hakikisho, ashuke, nchi ipumue. Kongo ilijaribu hilo. Muhula wa Rais Joseph Kabila ulipaswa kwisha Desemba 2016, lakini uchaguzi ukasogezwa hadi Desemba 2018. Julai 2018 ilitungwa sheria ya hadhi ya marais wastaafu iliyomhakikishia ulinzi, na katiba ilikuwa tayari inampa useneta wa maisha. Januari 2019 alikabidhi madaraka kwa Félix Tshisekedi. Kwa muda ilionekana kwamba dawa imefanya kazi.

Ulinzi ule uliishi kadiri urafiki ulivyoishi. Mei 2025 Seneti ilimwondolea kinga, akishutumiwa kuunga mkono waasi wa M23, na tarehe 30 Septemba mwaka huo mahakama kuu ya kijeshi mjini Kinshasa ikamhukumu kifo kwa uhaini na uhalifu wa kivita. Hakuwepo, wala hakuwa na wakili wa kumtetea. Kinga iliyotolewa na wanasiasa ilichukuliwa na wanasiasa. Aliyeshuka hukingwa kwa kweli na mahakama isiyomwogopa aliye juu sasa, na hiyo hiyo ndiyo silaha ya mnyonge. Kiongozi anayeidhoofisha akiwa madarakani anajivunjia ngazi atakayoihitaji kesho.

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, inakaliwa na zaidi ya watu laki moja, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaokutana sokoni na kwenye foleni za chakula. Kila kundi lina rais wake wa zamani aliyewahi kuhukumiwa. Pasteur Bizimungu wa Rwanda, aliyejiuzulu Machi 2000, alikamatwa 2002 baada ya kuanzisha chama chake, akahukumiwa kifungo cha miaka 15 mwaka 2004 na kusamehewa 2007. Pierre Buyoya wa Burundi alihukumiwa maisha Oktoba 2020, akiwa hayupo, kwa mauaji ya Rais Melchior Ndadaye ya 1993. Alifariki miezi miwili baadaye. Damu ya Ndadaye ilistahili kesi, kwani kifo chake kilifungua miaka ya vita iliyowatoa wengi Burundi. Kesi hiyo ilistahili pia mshtakiwa anayesikilizwa na ushahidi unaopimwa hadharani, na hapo ilipungua. Mkimbizi aliyengoja miaka 27 alipewa hukumu. Ukweli aliokuwa akiungoja hakupewa wote.

Hapa methali inadai kitu kwa anayengoja pia. Kungoja si kulala. Wahanga wa Hissène Habré, aliyetawala Chad kuanzia 1982 hadi 1990, walikusanya ushuhuda na nyaraka kwa miaka mingi, wakabisha hodi katika mahakama za nchi kadhaa, hadi mahakama maalumu ya Kiafrika ilipomhukumu kifungo cha maisha mjini Dakar tarehe 30 Mei 2016. Na kungoja kwa haki ni kuwa tayari kupokea jibu usilolipenda. Domitien Ndayizeye, rais wa Burundi hadi 2005, alikamatwa Agosti 2006 kwa madai ya kupanga mapinduzi chini ya serikali iliyomrithi. Januari 2007 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hiyo ilimwachia huru.