Ndoto ya Kutisha na Kazi ya Asubuhi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia usiku wa kupumzikia na mchana wa kutafutia riziki; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu wa Kilosa na Mikumi, mtu akizoea kukaa barazani pa msikiti baada ya sala ya alfajiri, na watu wakamwamini, haipiti juma asiletewe ndoto. Yuko aliyeota mto Mkondoa umebomoa tuta na maji yamefika uvunguni mwa kitanda. Yuko dereva wa lori aliyeota tembo amesimama katikati ya barabara ndani ya hifadhi, naye akikanyaga breki hazishiki. Yuko mjane aliyeota marehemu mumewe anampungia mkono amfuate. Na yuko, Mungu atuhifadhi, aliyeota shangazi yake anamlisha nyama mbichi, na tangu usiku ule hanywi hata maji nyumbani kwa shangazi. Wote hao, kwa sauti ya chini na macho yaliyokosa usingizi, huuliza neno moja: "Sheikh, kitanipata nini?" Nami nasema kwamba swali lenyewe ndilo linalowafunga, maana mwenye kuuliza hivyo amekwisha kujikabidhi kwa ndoto kama mtumwa kwa bwana wake, ilhali Mtume wetu alitufundisha la kufanya sisi wenyewe tukiamka.

Alitufundisha kwanza kupambanua. Iko ruya njema, ambayo ni bishara itokayo kwa Mola, na hiyo aliihesabu kuwa ni fungu moja katika mafungu 46 ya utume. Iko ndoto ya kuhuzunisha, ambayo ni kitisho cha shetani. Na iko ya tatu, ambayo ni nafsi ya mtu kujisimulia yale yaliyoishughulisha mchana. Zaidi ya hayo alitufahamisha kuwa mkweli wa ndoto ni yule aliye mkweli wa maneno, na hapo mwerevu atatambua kuwa mlango wa ndoto njema haufunguliwi kwa ubani wala kwa kombe, bali hufunguliwa sokoni, kwenye mizani ya mpunga na mahindi, na katika ahadi tunazowapa watu.

Yuko tabiina mmoja, yaani mtu wa kizazi kilichowafuata masahaba, Abu Salama, aliyekuwa akiota ndoto zikamfanya augue, zikimlemea kuliko mlima, mpaka alipoisikia kwa sahaba Abu Qatada hadithi ya Mtume juu ya jambo hilo. Na tangu hapo, asema, hakuzijali tena. Hebu tuzingatie dawa yenyewe ilivyo nyepesi: mtu atemee kushotoni mara tatu, pumzi yenye mate kidogo tu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shari ya shetani na shari ya alichokiona, ageukie ubavu wa pili, asimhadithie mtu, na akitaka ainuke asali, basi haitamdhuru. Hakuna kuku mweusi humo, wala hirizi, wala nauli ya kumwendea mpiga ramli aliye kijiji cha mbali. Na katazo la kuhadithia lina hekima kubwa, kwa kuwa hofu hunona kwa maneno: ndoto uliyoiota peke yako saa nane za usiku, ukiipeleka kisimani asubuhi, hurudi adhuhuri na mikia mitatu ambayo hukuiota.

Lakini fungu la tatu, lile la nafsi kujisimulia, ndilo ninalotaka tukae nalo, kwa sababu ndimo mtu anamojifunza khabari zake mwenyewe. Sisi watu wa Kilosa tunayajua maji. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mkondoa ulivunja kingo zake, maelfu ya wenzetu wakakosa makazi, reli ya kati ikakatika kuelekea Gulwe, na watoto wakalelewa ndani ya mahema. Mtoto wa hema lile leo ni mtu mzima, na mvua ya masika ikigonga bati usiku huota mafuriko. Je, huyo amerogwa? Huyo anakumbuka, wala kukumbuka si dhambi. Na akidumu nayo hofu hiyo hata usingizi ukamhama, na amwendee mzee mwenye busara au daktari, kwani kueleza maradhi yako si kutangaza ndoto yako.

Na taabiri ya ndoto kama hiyo tumeonyeshwa na Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Mfalme wa Misri alipoota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na mashuke mabichi na makavu, wakuu wa baraza lake walisema ni mavurugiko ya ndoto. Na Yusuf, aliyekuwa gerezani pasipo hatia, aliulizwa maana tu, naye akatoa maana na shauri juu yake: limeni miaka saba mfululizo, nafaka iacheni ndani ya mashuke yake, msipukuchue ila kichache cha kula. Tazameni jinsi kitisho cha usiku kilivyogeuka kuwa ghala! Basi uliyeota maji, taabiri yako ni mtaro uliojaa takataka mbele ya nyumba yako, ni kihenge ulichokiweka chini badala ya kukiinua, ni ule msingi unaotaka kuuchimba ukingoni mwa mto kwa kuwa kiwanja ni rahisi.

Na wewe dereva, ambaye barabara ya Iringa yakupitisha takriban kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi iliyotengwa mwaka 1964, tembo wa ndoto yako ni yule uliyemponea chupuchupu jioni ya juzi. Zitazame breki zako, punguza mwendo, ulale kabla ya safari. Kitambaa chekundu kwenye kioo hakitasimamisha lori.

Mjane naye nilimwambia amwombee mumewe dua na amtolee sadaka, kisha apike chakula chake ale.

Limebaki la shangazi, nalo ndilo lililonitoa nyumbani kwangu leo. Wanavyuoni wamekwisha kuamua kwamba ndoto haithibitishi hukumu wala haimtii mtu hatiani, na kadhi hapokei ushahidi wa aliyelala. Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 wa Hijra na ambaye kwa jina lake huuzwa kitabu kilichokusanywa na wengine, husimuliwa kuwa aliletewa na watu wawili ndoto moja ya kuadhini, mmoja akamwagulia hija na wa pili wizi, kwa kuzitazama hali zao wenye kuota; basi ndoto, ikisema neno, humsema mwotaji. Wilaya hii imeona dhana baina ya jirani na jirani inakofikisha: Desemba 2000, pale Rudewa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua watu 38. Nasi twataka kuongeza juu ya dhana za mchana na za usingizini, tumhukumu mwanamke mzee, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni alizotupikia tulipokuwa wadogo?

Nakuombeni kwa jina la Mwenyezi Mungu: leo usiku tawadheni kabla ya kulala, msome mnachokijua, na yeyote kati yenu aliyemkatia mtu salamu kwa sababu ya ndoto, kesho baada ya alfajiri, kabla hajashika jembe wala usukani, aende akapige hodi mlangoni kwake, na akikaribishwa maji, ayanywe.