Maswali ya Beni Yaliyokosa Majibu

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini, eneo la Mangina, karibu na mji wa Beni. Ulikuwa mlipuko wa 10 nchini humo. Wiki moja tu kabla yake mlipuko mwingine ulikuwa umezimwa katika jimbo la Équateur. Chanjo ilikuwepo, na wataalamu walikuwepo, akiwemo Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyefika kijiji cha Yambuku nchini humo Ebola ilipojitokeza mara ya kwanza mwaka 1976. Mtu yeyote angedhani kazi ingekwisha mapema. Haikwisha hadi tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 wakiwa wameugua na 2,287 wamekufa.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara najiuliza kama mimi, kwa nafasi yangu ya kuandika na kutangaza habari, ningefanya tofauti. Ndiyo maana naomba tukipitie pamoja, tukitazama zaidi zile dalili zilizoonekana mapema zikapuuzwa.

Dalili ya kwanza ilikuwa maswali ya watu wenyewe. Wakazi wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na risasi tangu Oktoba 2014. Kwa miaka minne walizika majirani na kuomba ulinzi, na wengi waliona kwamba hakuna anayewasikia. Kisha, ndani ya wiki chache, mji ukajaa magari meupe, wageni wenye vitambulisho shingoni na fedha nyingi. Wakauliza: mbona tulipokuwa tukichinjwa hamkuja? Surua na malaria zinaua watoto wetu kila siku, mbona hizo hazina magari? Nani anafaidika na Ebola hii? Surua peke yake ilikuja kuua zaidi ya watu 6,000 nchini humo katika mlipuko ulioanza mwaka 2019, kwa hiyo swali hilo halikuwa la kipuuzi hata kidogo.

Majibu waliyopewa yalikuwa mabango na matangazo ya redio: Ebola ipo, Ebola inaua, nawa mikono, usiguse maiti. Yote yalikuwa kweli, lakini hayakujibu walichouliza. Mengine yaliandikwa kwa Kifaransa, wakati nyumbani watu wanazungumza Kinande na Kiswahili chao cha Kongo. Swali lililokosa jibu kutoka kwa mwenye habari likapata jibu kutoka kwa mwenye uvumi, na uvumi ule ulikuwa na maelezo kamili: ugonjwa umeletwa ili watu wamalizwe, na wakubwa wapate fedha.

Dalili ya pili ilikuja Septemba 2018, wiki chache tu baada ya mlipuko kutangazwa: watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na mji jirani wa Butembo. Mmoja kati ya wanne hakuamini kwamba Ebola ipo. Waliowaamini viongozi wa eneo lao hawakufika theluthi moja. Na wale wasioamini ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo au kwenda hospitali. Majibu hayo yalipatikana mapema, ugonjwa ukiwa bado mchanga. Mwanzoni mwa Oktoba, vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wakashambuliwa na kujeruhiwa Butembo wakiwa kwenye kazi ya mazishi. Tukio kama hilo lilipaswa kuwafanya wakubwa wakae chini na wazee wa mji. Badala yake, timu zilizidi kutembea na askari, na kila bunduki iliyosindikiza chanjo ilitia nguvu uvumi uleule.

Kisha likaja la Desemba, nalo naomba tulitazame kwa makini.

Tarehe 26, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kuwa Beni na Butembo hawatapiga kura hadi Machi. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa wazi. Kila Jumapili mamia ya watu walikaa bega kwa bega kwenye mabenchi, na hakuna aliyewakataza. Kwa hiyo mtu wa Beni angeelewa nini? Kwamba ugonjwa huu unaambukiza kwenye foleni ya kura tu? Kesho yake waandamanaji walikivamia kituo cha Beni walimokaa watu wakisubiri majibu ya vipimo, na baadhi ya waliokuwemo wakakimbia. Rais mpya aliapishwa Januari 2019, kabla wakazi wale hawajashika karatasi rasmi ya kura.

Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni walijipangia uchaguzi wao wenyewe, usiotambuliwa na sheria. Walipanga foleni, na kabla ya kupiga kura walinawa mikono. Ndugu zangu, hapa ndipo panaponigusa kuliko pote. Watu hao tuliambiwa ni wabishi, hawaelewi, wanahitaji elimu. Kumbe somo la kunawa walikuwa wamelishika vizuri kabisa. Walichokosa ni mtu wa kuwaeleza ukweli kuhusu mambo yaliyowauma, na wa kuyasikiliza.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 7 Machi, Dakta Joanne Liu, aliyekuwa rais wa Madaktari Wasio na Mipaka, alisema wazi kwamba wanaopambana na Ebola wameanza kuonekana maadui, na kwamba zaidi ya asilimia 40 ya vifo vinatokea majumbani. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliuguzwa na mama yake, akaoshwa na shangazi zake, na ugonjwa ukaendelea kutembea kimya ndani ya ukoo. Tarehe 19 Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani kutoka Kamerun, Richard Mouzoko, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali huko Butembo.

Si kwamba hakuna aliyesikiliza. Vijana wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika maneno ya watu kama yalivyo. Miongoni mwa yaliyorudi ni kwamba familia hazijui ndani ya mfuko wa maiti mna nini: pengine ni mawe, pengine ndugu yao amenyofolewa viungo. Mtu anaweza kuita hilo uzushi na kuendelea na safari. Lakini hebu jiweke wewe mbele ya mfuko mweusi uliofungwa, uambiwe huyo ni baba yako na usifungue. Mifuko ikabadilishwa, ikaletwa inayoonyesha, familia ikaweza kuuona uso wa marehemu wao kabla ya kumzika. Huko Beni shirika la ALIMA nalo liliweka vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, mgonjwa akawa anaonana na watu wake waliosimama nje. Vitu hivyo viwili vilisema zaidi kuliko mabango mengi, kwa sababu vilijibu swali lililoulizwa.

Sisi tusijione tuko mbali. Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, ilifika Kagera hapa Tanzania mwaka 2023 na ikarudi mwaka 2025, na kipindupindu hakituachi. Siku mlipuko mwingine utakapotangazwa kwetu, mwenyekiti wa mtaa, imamu, mchungaji, mhudumu wa afya na mwandishi wa habari wote tutavutwa na kosa lilelile: kukimbilia kufundisha kabla ya kuuliza, na kunyamaza tusipokuwa na jibu. Tuwaambie watu tunachokijua leo na tusichokijua, na kesho turudi tena kwao hata kama hakuna jipya. Amri ikitolewa, sababu yake itolewe siku hiyohiyo, na iwe sababu inayolingana na yale watu wanayoyaona sokoni na kanisani. Na swali likiwa la hasira, tulijibu kwanza hilo.

Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena Kivu Kaskazini, katika eneo lilelile la Butembo. Safari hii kazi kubwa ilishikwa na wahudumu wa hapohapo, watu ambao wakazi waliwajua kwa majina na kwa koo zao. Chanjo ilikuwepo kama awali, na uzoefu uliopatikana kwa uchungu ulisaidia. Waliougua walikuwa 12, waliokufa 6, na tarehe 3 Mei mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha.