Sindano Itupwayo Jaani na Dhamana Yake

 

Ndugu zangu Waislamu, katika Shaaban ya mwaka huu nilikuwa nimeketi chuoni baada ya alasiri, nikasikia watoto wakicheka penye birika la kutawadhia. Nikatoka. Mmoja wao, mtoto wa miaka minane, ana bomba la sindano mkononi, amelijaza maji, awarushia wenzake. Sindano yenyewe ingalimo, na katika kidole gumba chake pana tone la damu. Nilipomuuliza alikolipata, alionyesha jaa lililo nyuma ya nyumba moja ya tiba. Wala hakuiba; hapo jaani yamejaa tele.

Nilikwenda kwa wenye nyumba ile. Nikajibiwa kwa adabu, nawashuhudia hilo. Wakasema: Sheikh, vitu hivi vikiisha kazi twavisuuza kwa maji, na takataka zetu twazitupa jaani kama watupavyo watu wote. Hoja mbili hizi ndizo zilizonishikisha kalamu, maana zote mbili zafanana na ilimu, na si ilimu.

Ama hoja ya kusuuza. Twawafundisha watoto kuwa najisi iliyo na aini hutoharika ikiondoka ladha yake na rangi yake na harufu yake, na iliyo ya hukumu hutosha kupitiwa na maji. Hiyo ni hukumu ya sala, nayo ni haki. Lakini kilichomo ndani ya sindano hakina rangi wala harufu. Nguo yaweza kuwa tohara ya kusalia, na sindano iliyooshwa vivyo hivyo ikaua mtu. Vijidudu vya homa ya ini ya aina B huweza kukaa nje ya mwili siku 7 na zaidi navyo vingali na nguvu ya kuambukiza. Mwenye kuchanganya milango miwili hii hakuielewa fiqhi wala hakuielewa tiba.

Tazameni yaliyowapata ndugu zetu wa Misri. Nchi ile ilikuwa na kichocho tangu zama za kale, ugonjwa ambao watu wa Unguja na Pemba hawahitaji kuelezwa. Tangu miaka ya 1950 hata mwanzo wa miaka ya 1980, serikali yao iliwatibu watu kwa dawa ya kudungwa mshipani, sindano baada ya sindano, kijiji baada ya kijiji. Mabomba yalikuwa ya kioo, yakitumiwa kwa mtu huyu kisha kwa yule, na mara nyingi hayakuchemshwa ipasavyo. Nia ilikuwa njema, na kichocho kilipungua. Lakini pamoja na dawa waliingiziwa homa ya ini ya aina C, ambayo hukaa mwilini miaka 20 au 30 bila ya kujitangaza, kisha ini likakauka. Mwaka 2008, walipopimwa watu wa miaka 15 hadi 59, karibu 15 katika kila 100 walionekana na alama ya ugonjwa huo katika damu. Misri ikawa ya mbele duniani kwa msiba huu.

Huenda mtu akasema: hawakujua. Kweli, kijidudu cha aina C hakikutambuliwa ila mwaka 1989. Lakini kwamba bomba lisilochemshwa hupeleka manjano ya ini kutoka mtu hadi mtu, matabibu walikuwa wamekwisha kulijua kabla ya kazi ile kuanza. Na haki isemwe yote: Wamisri hawakuficha. Tangu Oktoba 2018 hata Aprili 2019 walipima karibu watu milioni 50, wakawapa wagonjwa dawa bila malipo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likawashuhudia kuwa wako njiani kuuondoa ugonjwa huo. Hata kichocho sasa chatibiwa kwa vidonge.

Ama hoja ya jaa. Imamu Nawawi katika Minhaj, mlango wa diya, ametaja mwenye kutupa takataka na maganda ya matikiti njiani; kauli iliyo sahihi ni kuwa yakimdhuru mtu, mtupaji ana dhamana. Ikiwa ganda la tikiti lina dhamana, sindano yenye damu ni nini? Najua kuwa wafasiri wamemtoa katika dhamana mwenye kutupa penye jaa lililohalalishwa. Lakini jaa lile limehalalishwa kwa majivu na maganda ya nazi, si kwa sindano. Kanuni za afya za Kenya na za Tanzania zote zaamuru taka za hospitali zitengwe. Basi aliyezitia humo amefanya asiloruhusiwa, nami sioni kilichomtoa katika dhamana.

Na simlaumu mfagizi. Yeye ndiye wa kwanza kuchomwa, kwa mshahara wa mwisho. Katika kila watu 1,000 wachomwao na sindano yenye damu ya mgonjwa, kwa UKIMWI huambukizwa 3 hivi, kwa homa ya ini C 18 hivi, na kwa B, ikiwa hawana chanjo, hufikia 300. Lawama ni ya aliyempa ufagio asimpe glavu nene, wala sanduku gumu la kutilia sindano, lifungwe likifika robo tatu. Wala wasiseme kuwa taka ni nyingi mno: yenye khatari ni kama sehemu 15 tu katika 100, lakini ikichanganywa na nyingine zote huwa khatari. Na kuchoma ovyo katika pipa si dawa. Plastiki ikiungua kwa moto mdogo hutoa moshi wenye sumu, na majirani ndio wauvutao. Yataka tanuri la joto la 850 na zaidi.

Wenye nyumba ile wamekubali kuweka masanduku. Jaa tulilisafisha wanaume sita, kwa koleo na viatu vizito, tukaokota ndoo mbili. Mtoto tulimpeleka hospitali kubwa jioni ile ile, kwani dawa ya kuzuia UKIMWI yapasa ianzwe kabla ya saa 72 kupita, nayo ilikuwa kazi ya siku 28. Kipimo cha kwanza hakikuonyesha kitu. Kilichobaki ni cha Dhulqaada; mama yake ahesabu siku, na kila Ijumaa huniletea salamu nimwombee dua.