Shahamu na Illa ya Kukatazwa Kwake

Wako wasomaji wa zama hizi ambao, wakikuta katika Mambo ya Walawi kwamba Bani Israili walikatazwa shahamu ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, hukimbilia kusema kuwa Musa aliwatangulia matabibu, kwa kuwa mafuta yale magumu yazungukayo figo ndiyo yazidishayo lehemu katika damu. Hoja hiyo siioni kuwa na nguvu. Shahamu ilizuiwa kwa ubora wake, ikiwa fungu la Mwenyezi Mungu madhabahuni. Nayo Kurani, katika Sura ya Al-An'am, yataja katazo hilo kuwa ni malipo ya uasi wao, wala haitaji maradhi. Mafakihi hupambanua illa ya hukumu, yaani sababu iliyoiwajibisha, na hekima yake, yaani faida ipatikanayo kwayo, na tofauti hiyo, ambayo wapenda sayansi huisahau upesi, yafaa hapa. Mwili wenyewe wahitaji mafuta: pasipo hayo vitamini A, D, E na K hazifyonzwi sawasawa. Na yaliyo mabaya kupita yote, mafuta ya maji yagandishwayo nusunusu kwa haidrojeni, ni zao la viwanda vya karne ya 20; hayo hakuna andiko lililoyataja.