Kamba Ikilegea



Likizo hii niko nyumbani Makere, jirani na kambi ya Nyarugusu. Wiki mbili kabla ya chanjo ya kichaa cha mbwa mama akaniambia, "Frateri, Simba utampeleka wewe." Simba ni mbwa wetu, hajawahi kufungwa kamba. Na chanjo si ya kukosa: dalili za ugonjwa huo zikishamwanza mtu, ni nadra sana apone.

Siku ya kwanza nilivuta, naye akavuta. Nikakaza, akakita miguu chini, akaanza kukohoa. Watoto wa jirani wakacheka: digrii ya falsafa, kashindwa na mbwa!

Mdogo wangu alikuwa anaangalia tu. Ameacha Misa tangu mwaka jana, na mimi kila nikipiga simu ni kumhubiria, mpaka akaacha kupokea. Siku hiyo akasema, "Kaka, ukivuta na yeye anavuta. Simama tu."

Nikajaribu. Simba akivuta, nasimama kama mti. Kamba ikilegea, nampa dagaa mmoja, tunaendelea. Nusu saa nzima, hatua kama ishirini! Lakini siku ya kumi alitembea ubavuni mwangu, na kwenye chanjo alikaa foleni bila fujo.

Usiku ule wa kwanza sikulala vizuri. Darasani nilisoma kwa Mt. Thoma wa Akwino kwamba Mungu husukuma kila kiumbe kwa namna ya kiumbe chenyewe, na utashi wa mtu hausukumi kwa nguvu. Nilifaulu mtihani ule. Nyumbani, mdogo wangu alikuwa anakohoa kwenye kamba yangu, nami nikaita ukaidi.

Basi jioni zilizofuata tulimtembeza Simba pamoja. Misa sikuitaja. Siku ya nne akaniambia mwenyewe: tangu tumzike baba, akipiga magoti maneno hayatoki. Mwaka mzima sikuwahi kumuuliza.

Someni Hosea sura ya 11: Mungu anamfundisha mwanawe kutembea, na kamba anayomvutia ni upendo. Kusimama si kuachia kamba, ndugu zangu. Ni kubaki pale pale, umeishika, unasubiri.

Jumapili iliyopita hakwenda Misa. Jioni alinisubiri mlangoni, kamba mkononi.

Wewe unamvuta nani? Wiki hii muulize swali moja, halafu nyamaza umsikilize.

Bwana, uliyetusubiri sisi, utufundishe kusubiri. Amina.